Mbadala wa Nini? Uhakiki wa Lugha ya Waganga wa Zama Zetu

Msomaji ataniwia radhi nikianza na cheo cha mtu. Upande wa Bara, daktari mkuu wa nchi, mwenye shahada na ofisi ya Wizara, huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na chini yake wapo waganga wakuu wa mikoa na wa wilaya, wote wakiwa wamesomea udaktari wa hospitali. Wakati huo huo, muuza mizizi aliyekodi chumba cha uwani hujiandika mlangoni kwa rangi nyekundu kuwa yeye ni Dokta. Majina mawili yamehamiana, kila moja likaingia nyumba ya mwenziwe, na mgonjwa aliye njiani ndiye anayebaki akiuliza wapi pa kubisha hodi.

Neno "mganga" halina kosa. Kuganga ni kukifunga kilichovunjika, kukitengeneza, kukirudisha mahali pake. Ndiyo maana wazee walituambia kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na hakuna aliyefikiri kwamba wanazungumzia ramli. Neno lilianza kunuka pale lilipotengwa na "daktari", moja likapewa mwanga na jingine likaachiwa giza. Kisha serikali, kwa mazoea ya zamani, ikaendelea kulivaa lile la giza bila kujali, na mwenye giza akaenda zake kuazima la mwanga. Mchezo huu wa majina ungenichekesha kama ungeishia hapo.

Makala haya hayahusu kama mitishamba inaponya au haiponyi. Hilo lina wenyewe, wenye maabara na mizani. Mimi ni mwalimu wa lugha, na ninachokihakiki ni maandishi: zile karatasi zinazogawiwa sokoni na kubandikwa kwenye nguzo za umeme, ambazo kwa maoni yangu ni tanzu ya fasihi inayosomwa zaidi katika visiwa hivi kuliko diwani zetu zote zikiwekwa pamoja. Tunaandika tahakiki za riwaya zilizochapwa nakala chache, na tanzu inayomfanya mtu auze mbuzi wake hatuigusi.

Tuitazame basi. Karatasi ya mganga ina umbo lake, na umbo hilo ni orodha. Kisukari, presha, chango, ngiri, baridi yabisi, nguvu za kiume, kesi ya mahakamani, mpenzi aliyeondoka, biashara iliyolala, nyota iliyochafuka. Vyote vimepangwa mstari mmoja baada ya mwingine, havina kiunganishi wala daraja, kana kwamba maradhi ya kongosho na hukumu ya hakimu ni matawi ya mti mmoja. Mtu mwepesi atasema huo ni ujinga. Mimi naona ndani yake ufundi. Orodha isiyo na kiunganishi humfanya msomaji ajitafutie mwenyewe mstari wake, na akiupata, ile mingine huwa shahidi wa nguvu za mwandishi: anayeweza yote haya, atashindwaje na langu hili? Wapo washairi wetu wanaotumia takriri kwa ustadi mdogo kuliko huo.

Sifa ya pili ni mahali. Mganga wa Bara hutoka Pemba. Aliyeko Unguja hutoka Tanga, Sumbawanga au ng'ambo. Hajatokea, katika karatasi nilizozikusanya, mganga aliyezaliwa mtaa ule ule anaotibu. Umbali ndio shahada yake. Wapemba wanajua gharama ya sifa hii waliyobandikwa: mtu amekwenda Dar es Salaam kuuza vitambaa, na jirani wa kwanza kumgongea usiku anataka dawa ya kumfunga mume.

Sifa ya tatu, na hii ndiyo nzito, ni kwamba karatasi haina mgonjwa. Ina ugonjwa na ina mponyaji. Hakuna mwili wenye umri, hakuna dawa nyingine ambayo mwili huo tayari unaitumia, hakuna siku ya tatu ambapo mambo yameharibika. Vitenzi vyake viko katika wakati wa mazoea tu: huondoa, humaliza, hurudisha. Lugha yetu ina neno zuri kwa jambo hili. Chuku ni ile pembe ya kuumikia, inayowekwa mgongoni na kufyonzwa mpaka damu itoke, kazi ambayo siku hizi wengi wanaiita hijama. Na chuku, kama tunavyowafundisha wanafunzi, ni tamathali ya kutia chumvi. Sijui ni kamusi gani nyingine duniani iliyoviweka kitanda kimoja chombo cha mganga na uongo wa mshairi.

Nafika sasa kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2002 Bara ilipata Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2008. Watunzi wa sheria walikuwa na nia njema: kusajili, kusimamia, kumtofautisha mwenye ujuzi na mwenye ulimi. "Asili" wakakusudia ile iliyokua hapa. "Mbadala" wakakusudia ile iliyotoka kwengine na isiyo ya hospitali za kawaida, kama vile sindano za Kichina. Lakini Waingereza, ambao istilahi hii imetoka kwao, wanayo majina mawili. Moja ni la tiba inayofuatana na ya hospitali, na la pili ni la tiba inayochukua nafasi yake. Mafuta ya kuchulia mgongo ya mtu anayeendelea na dawa zake za presha yanaingia katika jina la kwanza. Akizitupa dawa hizo, mafuta yale yale yamehamia jina la pili. Dawa ni ile ile, tofauti ni alichokifanya mgonjwa. Sisi tulilichukua jina la pili likashika bendera, na lile la kwanza tukaliacha bandarini.

Na "mbadala" si neno lenye haya. Limetokana na badala, ndugu wa badili na badilisha. Kilicho mbadala hakikai pamoja na kile kilichobadilishwa. Kimoja kiingie, kingine kitoke.

Nilikuwa na shangazi katika kijiji cha kusini mwa Unguja. Alikuwa na sukari ya miaka mingi, akijidunga insulini asubuhi na jioni, na kwa kuwa hakuwa na friji alikiweka kichupa chake ndani ya mfuko wa nailoni, katika mtungi wa maji uliokaa kivulini. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri kuliko mimi. Za Kilatini hakuwahi kufundishwa. Mwaka 2006 nilikwenda kumtazama, akanitolea karatasi aliyoletewa na jirani na kuniambia, "Nisomee, mwanangu, uliyekwenda skuli." Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya mwalimu, nikivitendea haki vituo vyake. Pakawa na unga fulani uliosemwa kuwa ni mbadala wa sindano. Akaniuliza, "Mbadala ndiyo nini?" Nikamjibu kama kamusi: kitu kinachoshika nafasi ya kitu kingine.

Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza maana ya neno, na maana nilimpa.

Wiki ya tatu alichukuliwa hospitali hajitambui, na kidonda cha mguu kilichokuwa kimeanza kufunga kilikuwa kimeoza. Alirudi nyumbani bila ya mguu wa kushoto. Akaishi miaka minne. Aliyeuza unga ule simtaji na wala sina haja naye. Nimelitaja jambo hili kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na kwa sababu neno "mbadala" nililieleza sawasawa.

Sasa tazama jinsi mama huyo huyo alivyoishi kabla ya karatasi na baada yake. Asubuhi alijidunga sindano. Kwa tumbo alikunywa uwatu. Magoti yalipomuuma alisema ana baridi yabisi, jina ambalo watu wengi wanalitamka bila kujua kuwa wameshika mkononi kipande cha elimu ya Ibn Sina na ya Wayunani waliomtangulia, waliougawa mwili kwa joto na baridi, rutuba na ukavu. Baridi yabisi ni baridi iliyo kavu, basi, na wala si jina la ugonjwa mmoja wa hospitali. Kwa hofu za usiku aliandikiwa kombe: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, akanywa. Na siku binti yake aliponyamaza wiki nzima, hakumpeleka kwa daktari, alisema huo si ugonjwa wa hospitali. Kauli hiyo wasomi wanaichukulia kuwa ni ushirikina. Ukiisikiliza vizuri utaona kuwa imemkabidhi daktari sehemu kubwa ya dunia: kama kuna ugonjwa usio wa hospitali, basi kuna ulio wa hospitali, na huo ni wake, hakuna anayemwingilia. Katika nyumba ile vitu hivi vilikaa pamoja kwa miaka ishirini na kila kimoja kilikuwa na saa yake. Hapakuwa na mbadala hata kimoja. Mbadala uliingia kwa maandishi.

Fasihi yetu ya vitabu ilikuwa wapi? Nathubutu kusema ilikuwa ikicheka. Tangu Muhammed Said Abdulla atoe *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, ambapo Bwana Msa wake na kiko chake anamtafuta mtu pale wengine wanapomwogopa mzimu, waandishi wa visiwani wamelipenda jicho lile kavu, na lilikuwa jicho la lazima. Lakini warithi walichukua kicheko wakaacha subira. Mganga wa riwaya nyingi zilizofuata ni yule yule: macho mekundu, kibuyu, ulaghai, mke wa mtu. Anaingia sura ya nne, anafichuliwa sura ya tisa. Tumeisoma picha hiyo mpaka imekuwa chapa. Karatasi ya nguzoni humtukuza mganga na riwaya humzomea, na kwa hili vimefanana: vyote viwili vinamtazama yeye. Anayekaa kwenye mkeka akingoja zamu, mwenye cheti cha kliniki ndani ya mkoba na hirizi shingoni, hana sura yake.

Namtoa katika lawama hii Ebrahim Hussein. *Kinjeketile*, tamthilia ya mwaka 1969, ina dawa katikati yake, maji ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mwandishi hakujishughulisha kuthibitisha kuwa maji hayazuii risasi. Kila mtazamaji alilijua hilo kabla ya kuketi. Alichokionyesha ni mtu aliyetoa neno, kisha neno likamkimbia, likawa kubwa kuliko yeye, na yeye mwenyewe hana tena uwezo wa kulirudisha. Nilipoona mwaka 2011 misururu ya magari ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, nilikitafuta kitabu hicho kabatini. Mzee yule alikuwa mpole na hakutajirika kwa bei ile. Lakini "kikombe" lilikuwa limekwisha kuwa neno linalotembea peke yake. Wapo waliotolewa vitandani hospitali, mirija mikononi, wakafia ndani ya magari kabla ya kukiona. Karatasi ya nguzoni haikuhitajika hata moja.

Ili nisionekane kuwa nimekuja kuzima taa zote, nieleze habari ya usomaji mmoja uliofaa. Katika karne ya 4 mwanachuoni wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika katika kitabu chake cha tiba za dharura kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi ya mmea wa qinghai, aurowanishe katika maji, aukamue na anywe maji yake. Mmea huo sisi tunaujua kwa jina la artemisia. Baada ya miaka zaidi ya 1,600, mtafiti Tu Youyou alikuwa Beijing akitafuta dawa ya malaria, na majaribio yake yalikuwa yakiyumba. Akairudia sentensi ile. Akagundua kilichokosekana ndani yake: pamesemwa kukamua, hapakusemwa kuchemsha. Huenda moto ndio unaoiua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 akapata alichokitafuta. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Zanzibar, ambako klorokwini ilikuwa imeshindwa, ilianza mwaka 2003 kutumia dawa mseto zitokanazo na mmea huo, na pamoja na vyandarua na upulizaji wa dawa majumbani, malaria ikashuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa. Mtoto wa Micheweni aliyepona homa amepona, kwa sehemu, kwa sababu mtu fulani alikisoma kitenzi kwa makini.

Mmea huo huo ukarudi kwetu mwezi Mei 2020 kwa njia nyingine, ndani ya chupa kutoka Madagaska, ukisemwa kuwa unakinga na kuponya Uviko-19, na ndege ya serikali ya Tanzania ikaenda kuuchukua. Safari hii hapakuwa na majaribio yaliyothibitisha, palikuwa na fahari. Fahari ya Kiafrika naielewa, nami ninayo. Lakini aliyesema kwamba kuidai mizani ni kuwatukuza Wazungu, amsome Ge Hong kama alivyosomwa na Tu Youyou, asimtundike ukutani tu.

Kuhusu istilahi, wapo wanaopendekeza "tiba shirikishi" na wapo wa "tiba kamilishi". La kwanza linanikumbusha semina zenye posho, na la pili linaahidi ukamilifu ambao hata hospitali haina. Mimi nalielekea neno "mwenza". Najua wanawake wa nyumbani watacheka, kwani kwetu mwenza ana habari zake. Hata hivyo wake wenza, wapendane wasipendane, kila mmoja anajua kwamba mwenziwe yupo na anaijua siku yake. Tiba mwenza itakuwa ni ile ambayo ya kwanza imeambiwa kuwa ipo. Kuna mfano wa karibu: tangu miaka ya 1990 huko Tanga, madaktari wa Hospitali ya Bombo na waganga wa mitishamba walikaa meza moja kuwahudumia wagonjwa wa ukimwi, mganga akimleta mgonjwa kwa daktari na daktari akijua mganga amempa nini. Hakuna aliyekuwa mbadala wa mwenziwe.

Na hilo la kuambiwa lina lugha yake pia, ambayo si ya karatasi za nguzoni. Baada ya kukatwa mguu, shangazi alikwenda kliniki kila mwezi, mimi nikimsukuma kwenye kigari. Muuguzi, msichana mwenye adabu na foleni ndefu, alijaza fomu na kumuuliza kila mara swali lile lile: "Bibi, dawa za kienyeji hutumii, eti?" Kuku wa kienyeji bei yake ni kubwa na sote twamtamani, dawa za kienyeji huulizwa kwa "hutumii, eti?", swali lililokuja na jibu lake. Shangazi alikuwa na sahani ya kombe ndani ya kikapu, chini ya kanga, tukitoka hapo twende ikaandikwe. Akamtazama muuguzi usoni.

"Situmii, mwanangu," akasema, na muuguzi akaandika.